Barua ya wazi kwa Wizara, BASATA na COSOTA: mtoto anayeimba, jasho lake lishikwe na nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Kwa wakuu wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA),
Kwa wakuu wa Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA),

Shikamooni.

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua ndefu ofisini husomwa ukurasa wa kwanza tu. Naomba mkataba wowote wa muziki unaomhusu mtoto wa chini ya miaka 18 usitambuliwe na ofisi zenu mpaka usomwe kwa Kiswahili mbele ya mtoto mwenyewe, mzazi wake na Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Naomba sehemu ya mapato yake ifungiwe benki hadi atimize umri. Na akishatimiza, apewe nafasi ya kuupitia upya huo mkataba akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Anayetaka kujua nimeyatoa wapi haya, aendelee kusoma.

Mimi si msanii wala mwanasheria. Nina duka la steshenari huku Mbagala: natoa kopi, napiga chapa barua, nawajazia watu fomu mtandaoni. Karibu yangu kuna studio, kwa hiyo mikataba ya wasanii chipukizi hupita mezani kwangu ikiwa bado haijasainiwa. Mtoa kopi hatakiwi kusoma karatasi za mteja, najua. Lakini karatasi ikigoma kwenye mashine unaitoa, unainyoosha, na macho nayo hayana pazia.

Mmoja wa mikataba hiyo ndio ulionikalisha chini kuandika. Aliyeuleta alikuwa kijana nadhifu, anajiita meneja, amefuatana na mama mmoja na mtoto wa darasa la saba aliyekuja na sare ya shule, kaptula ya bluu na soksi zimeshuka. Mtoto anaimba kweli. Mtaa mzima unamjua. Mkataba ulikuwa kurasa sita, wote Kiingereza. Ukurasa wa pili ulisema muda ni miaka kumi na lebo, yaani kampuni inayorekodi na kuuza muziki wake, ina hiari ya kuongeza. Ukurasa wa tatu ulisema jina la kisanii la mtoto ni mali ya lebo, pamoja na chaneli yake ya YouTube na kurasa zake zote za mitandaoni. Ukurasa wa tano ulisema ukitokea mgogoro utaamuliwa kwa sheria za Jimbo la New York.

New York! Mtoto anaishi Rangi Tatu, hapa hapa Mbagala.

Nikamuuliza yule mama, “Dada, hapa mmepaelewa?” Akamtazama meneja. Meneja akacheka, akasema hilo neno ni utaratibu tu wa mikataba yote ya kimataifa. Nadhani hata yeye hakuwa anajua limefikaje pale. Mkataba ulishushwa mtandaoni, majina yakabadilishwa, basi. “Anko, wewe toa kopi tatu, tuna haraka.” Nikatoa. Mama akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, na mtoto akaandika lake chini yake kwa mwandiko mzuri kuliko wa wote.

Sitaki mdhani meneja yule ni mwizi. Viatu alivyovaa mtoto alivinunua yeye, nauli za kwenda studio ni zake, na biti amelipia yeye. Ninachosema ni kwamba pale mezani hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kumtetea mtoto.

Baada ya hapo nikaanza kufuatilia watoto wanaoimba huko New York wenyewe waliishia wapi, maana kama sheria zao ndizo zitakazowahukumu watoto wa Mbagala, tuzijue. Ndipo nikakutana na Frankie Lymon. Wazee wa zilipendwa za Kizungu watakuwa wanamfahamu. Kwa vijana, niwaeleze kidogo, kwa sababu maisha yake yana kila kitu ambacho mikataba ya kurasa sita hukisahau.

Alizaliwa Harlem tarehe 30 Septemba 1942. Baba dereva wa lori, mama mfanyakazi wa majumbani, na nyumbani wakiimba injili. Akiwa na miaka kumi alikuwa tayari anafanya kazi kwenye duka la vyakula kusaidia familia. Alipofika 12 akakutana na vijana wa shule waliokuwa wanaimba bila chombo chochote, sauti tupu: Herman Santiago, Jimmy Merchant, Joe Negroni na Sherman Garnes. Jirani yao mmoja, aliyekuwa amechoka kuwasikia wakirudia nyimbo za watu, aliwapa barua za mapenzi alizoandikiwa na mchumba wake ili wapate maneno yao wenyewe. Kwenye barua hizo ndimo ulimotoka wimbo “Why Do Fools Fall in Love”. Santiago ndiye aliyekuwa mwimbaji wa mbele wa kundi. Lakini walipoimba mbele ya bwana George Goldner, mwenye lebo, sauti ya yule mdogo wao ndiyo iliyomkamata.

Wimbo ukatoka Januari 1956. Marekani ukafika nafasi ya 6 kwenye chati ya pop ya Billboard, kwenye chati ya muziki wa Weusi ukakaa kileleni, na Uingereza ukashika namba moja. Frankie alikuwa na miaka 13. Wasichana walilia wakimwona. Kundi likaitwa The Teenagers, na jina lake yeye likatangulizwa mbele.

Sasa tazameni kilichofuata, na mtaona kwamba hakuna hata kimoja kilichotokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1957 alitenganishwa na wenzake ili auzwe peke yake, na kundi lililobaki halikufika tena pale. Julai mwaka huohuo alionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Alan Freed, kituo cha ABC, akicheza na msichana mzungu. Vituo vya majimbo ya kusini vikaja juu, kipindi kikafutwa. Kijana wa miaka 14 kabebeshwa ugomvi wa rangi wa taifa zima kwa sababu ya kucheza dansi. Halafu sauti ikavunjika, kama inavyovunjika kwa kila mtoto wa kiume. Lebo ilikuwa imeuza sauti ya mtoto, na mtoto akaanza kuwa mwanamume. Hapakuwa na kifungu cha mkataba kinachosema ikifika hapo afanyweje.

Heroini alianza akiwa na takriban miaka 15. Mwaka 1961 lebo ya Roulette ikaachana naye na akaingia hospitali kutibiwa uraibu. Mwaka 1966 akakamatwa na dawa hizo, akapelekwa jeshini badala ya jela, kambi ya Fort Gordon kule Georgia. Huko akaoa mwalimu wa shule, mwaka 1967. Mwaka huo aliliambia jarida la Ebony kwamba yeye hajawahi kuwa mtoto, ingawa kila jukwaa lilimtangaza kama nyota mtoto. Februari 1968 akarudi New York, studio zilikuwa zimemwita tena. Tarehe 27 alikutwa amekufa bafuni nyumbani kwa bibi yake, sindano kando yake. Miaka 25. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe lenye jina.

Mtasema hayo ni ya dawa za kulevya, hayahusu mkataba. Haya, tumwache marehemu apumzike, tuufuate wimbo.

Lebo za Goldner zilihamia mikononi mwa mtu anaitwa Morris Levy, kwa sababu Goldner alikuwa mcheza kamari na madeni yalimzidi. Kwenye karatasi za hakimiliki watunzi wa wimbo waliandikwa Lymon na Goldner. Katikati ya miaka ya 1960 jina la Goldner likaondoka, likaingia la Levy, ambaye hakuwa Harlem siku zile zinasomwa barua za jirani. Santiago na Merchant, waliokuwepo, hawakuwamo. Mwaka 1981 Diana Ross aliurudia wimbo ule na ukafanya vizuri sana, pesa zikaanza kuingia, na hapo ndipo kila mtu akakumbuka kuwa kuna mtunzi. Wanawake watatu wakajitokeza, kila mmoja akidai ndiye mjane halali wa Lymon, na mahakama ya rufaa ya New York ikampa haki yule mwalimu mwaka 1990. Santiago na Merchant nao walikwenda mahakama ya shirikisho. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama likakubali kwamba wao ni watunzi wenza. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikatengua: dai la utunzi lilitakiwa kuletwa ndani ya miaka mitatu, na wao wamechelewa.

Hebu rudieni hilo polepole. Mahakama haikusema hawakutunga. Ilisema wamechelewa. Walikuwa wanafunzi wa shule wimbo ulipotoka, na walielezea mahakamani kwamba walipouliza habari ya haki zao walitishwa. Huyo Levy mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 1988 kwa njama za kupora kwa vitisho, akafa mwaka 1990 kabla ya kuanza kifungo.

Kwa hiyo, waheshimiwa, huko New York ambako karatasi ya mtoto wa Rangi Tatu inampeleka, watoto walioimba waliishia hivyo, ingawa hilo la kuchelewa lilitokana na sheria ya shirikisho, si ya jimbo.

Wenzetu hawakujifunza haraka. California walikuwa na sheria tangu 1939, nayo ililetwa na aibu. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921, aliingiza fedha zinazokadiriwa kati ya dola milioni tatu na nne. Alipokua akakuta mama yake na baba wa kambo wamezila. Aliwashitaki mwaka 1938 na akaambulia dola 126,000. Angalieni vizuri waliomla: hapo si lebo, ni mama mzazi na mumewe. Ndiyo maana sisemi “mzazi asaini” halafu nikaridhika. Mzazi naye ana njaa, ana kodi ya nyumba, ana ndugu wa mkoani wanaopiga simu kila wakisikia wimbo redioni. Sheria ile baadaye ikanolewa, na tangu mwaka 2000 mwajiri wa msanii mtoto anatakiwa kuweka asilimia 15 ya mapato ghafi moja kwa moja kwenye akaunti ambayo haiguswi mpaka mtoto afike 18. Jimbo la New York, kwao Lymon mwenyewe, walipitisha yao mwaka 2003.

Kuna jambo moja kwenye sheria ya California ambalo mameneja wetu wangelipenda wakilijua. Mkataba wa mtoto ukishapitishwa na hakimu, mtoto hawezi kuja kuukana kwa kisingizio kwamba alikuwa mdogo. Kwetu hali ni tofauti. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka mtu awe na umri wa utu uzima ndipo aweze kuingia mkataba, kwa hiyo saini ya yule mtoto wa darasa la saba ina mashaka tangu wino haujakauka. Meneja ameweka pesa yake kwenye viatu, studio na video, akidhani amelindwa na kurasa sita. Hajalindwa. Mtoto akitoka, akaibuka tajiri mmoja mwenye gari kubwa, ataondoka naye, na meneja atabaki kulalamika kwenye vipindi vya redio. Tumeyasikia mara ngapi hayo? Meneja analia kasalitiwa, msanii analia kadhulumiwa, mashabiki wanagawana pande, na wiki ya pili tumesahau.

Na sisi watoto wenye vipaji tunao, tena wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 tulimpenda Dogo Aslay akitokea Temeke, kwenye kituo cha vipaji cha Mkubwa na Wanawe. Tukampenda Dogo Janja aliyetoka Arusha na rap yake. Yamoto Band ilivyotikisa nchi hakuna asiyekumbuka, na ilivyovunjika pia, kila mmoja akaenda njia yake, Aslay peke yake, Mbosso kwenye lebo ya Wasafi. Sisemi kwamba kuna aliyedhulumiwa hapo. Sijui mikataba yao na si kazi yangu kuijua. Wengine wamesimama vizuri mpaka leo. Ninachouliza ni hiki: kama wangekuwa wamedhulumiwa, ni ofisi gani ingekuwa na nakala ya mkataba, iliyosomwa na mtu asiye na fungu ndani yake?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayo maneno mazuri. Inasema mtoto ni wa chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomharibia afya wala masomo. Inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sasa nipelekeni kwenye shoo moja ya Bongo Fleva inayoanza kabla ya saa 2 usiku. Msanii mkubwa anapanda saa 8 za usiku, na mtoto wa kupasha jukwaa anapanda saa 5, huku kesho yake kuna mtihani wa moko. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu anaona mtoto amepata bahati. Kumnyima mtoto jukwaa sikutaki, wala msije mkanisoma hivyo mkatoa tangazo la kupiga marufuku watoto kuimba. Tukifika huko tutakuwa tumewaadhibu wao. Shoo za mchana zipo, za Jumamosi alasiri, na watu hujaa.

Msiniambie pia kwamba Baraza halina meno. Mwaka 2018 mlifungia wimbo wa wasanii wawili wakubwa kuliko wote nchini kwa sababu ya maneno, na walipoendelea kuuimba mkawafungia na wenyewe mpaka wakaomba radhi. Nguvu ya kusoma mashairi mstari kwa mstari mnayo. Mkataba wa mtoto nao ni mistari.

Kwa upande wa COSOTA nina la ziada, nalo limetoka moja kwa moja kwenye yale ya Santiago na Merchant. Wimbo wa mtoto unapoletwa kusajiliwa, naomba iandikwe nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani ametengeneza biti, na kila mmoja awepo au apigiwe simu. Baada ya hapo jina la mtunzi lisibadilishwe bila mwenyewe kufika. Hakimiliki kwetu inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtoto wa miaka 13 anayeandikwa leo, au kuachwa leo, anaandikiwa au kuachiwa mpaka wajukuu zake.

Na nywila. Enzi za Lymon mwenye lebo alishika kanda na karatasi. Siku hizi anashika nywila. Chaneli imefunguliwa kwa barua pepe ya meneja, namba ya simu ya kuthibitisha ni ya meneja, na pesa za YouTube zinaingia anakojua meneja. Wakigombana, mtoto anaamka asubuhi hana jina, hana nyimbo, hana wafuasi. Anaanza upya na jina jipya ambalo hakuna anayelijua. Kwenye fomu ya kusajili wimbo wa mtoto pawe na mstari unaosema akaunti hizi zimefunguliwa kwa ajili ya nani na zitakabidhiwa lini. Lebo ipate asilimia yake, sikatai, ilimwaga pesa. Lakini jina la mtoto libaki kwa mtoto.

Kuhusu kiwango cha kufungia benki, siwafundishi. Wenzetu walichagua 15. Sisi tunaweza kuchagua kingine. Mabenki yetu yana akaunti za watoto tayari, mama anafungua kwa cheti cha kuzaliwa. Linalokosekana ni kanuni inayosema anayemlipa mtoto, awe promota, kampuni ya simu au mwenye ukumbi, aiingize sehemu hiyo huko moja kwa moja kabla haijapita mkononi kwa mtu. Ikishapita mkononi, tusidanganyane, haifiki.

Najua mtasema Maafisa Ustawi ni wachache na mashauri ya ndoa na matunzo yamewajaa. Ni kweli. Lakini watoto wenye mikataba ya muziki hawajai wilaya. Kusoma kurasa sita ni kazi ya asubuhi moja. Kanuni nazo ni za kusainiwa na Waziri, hatuhitaji kusubiri muswada upitie Bunge.

Naomba jibu lenu liseme jambo moja tu kwa uwazi: kati ya Wizara, BASATA na COSOTA, ni ofisi ipi itakayolishika hili. Mama akija tena na mtoto na kurasa sita, nijue nimwelekeze mlango upi kabla sijamtolea kopi.

Ni mimi,
Mwenye duka la steshenari,
Mbagala, Dar es Salaam